Amri Ilivyoshuka Hadi kwa Koplo

Vita tulivyosomeshwa shuleni vilikuwa vya majenerali. Fulani alishinda, fulani akashindwa, mwaka ukaandikwa ubaoni, nasi tukanakili. Kilichonivuta mimi nilipoanza kuyasoma mambo haya kwa dhati ni kitu kidogo zaidi: watu wanane au kumi wanaolala pamoja, wanaokula sufuria moja, wanaoongozwa na koplo. Jeshini huitwa sekisheni. Sekisheni tatu hivi hufanya platuni, platuni tatu au nne hufanya kombania, na ngazi inapanda hivyo hadi kwa jenerali. Ukitaka kujua jeshi limebadilika vipi, angalia koplo ana ruhusa ya kuamua nini pasipo kumuuliza mtu. Sehemu kubwa ya habari hiyo imepita hapa kwetu, Mombasa na mapori yaliyo nyuma yake, ingawa waandishi wengi huitafuta Ulaya peke yake.

Nianze na mawe. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, ramani ikiwa ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Wageni hupigwa picha langoni na kwenye mizinga. Mimi nikiwa na mgeni humpeleka upande wa bara, mahali ambapo ubavu wa buruji, ile pembe ya ngome inayotokeza nje, unakutana na ukuta. Simama pale chini, ujifanye adui. Ukijibana ukutani ili aliye juu yako asikuone, buruji ya jirani inakuona ubavu mzima. Ukikimbilia ile nyingine, ya kwanza inakuona mgongo. Kila buruji imekatwa pembe zake ili imlinde jirani, na jirani ailinde yenyewe. Ndiyo maana Waomani walipoizingira mwaka 1696 hawakuiingia hadi Desemba 1698, na hata hapo ni kwa sababu maradhi na njaa vilikuwa vimewamaliza walinzi, wamebaki watu wa kuhesabika.

Mbinu yote ya kikundi kidogo cha askari wa miguu inakaa ndani ya pembe zile. Nusu wanalala chini na kupiga risasi ili adui ainamishe kichwa. Nusu wanakimbia hatua chache, wanalala, wanapiga, na wale wa kwanza wanainuka. Kila nusu ni buruji ya mwenzake. Wataliano waliliweka wazo hilo kwenye mawe karne ya 16, lakini majeshi ya Ulaya yalihitaji zaidi ya miaka 300 kulifanya litembee kwa miguu.

Sababu ya kuchelewa ilikuwa bunduki yenyewe. Gobori hujazwa kwa mdomo, halilengi mbali, na moshi wake unafunika kila kitu. Ili lifae kitu ilibidi watu wengi wasimame bega kwa bega na kufyatua kwa amri moja. Askari anayefikiri peke yake alivunja safu, kwa hiyo alifunzwa asifikiri. Gwaride unaloliona kila sikukuu ya Jamhuri, ule mguu mmoja wa watu mia, lilikuwa wakati huo ndiyo vita vyenyewe. Palikuwa na wachache walioruhusiwa kutawanyika na kujificha nyuma ya miti, wawindaji wa Kijerumani na Waingereza wa bunduki zenye mistari ndani ya mtutu, lakini walionekana watu wa pembeni.

Bunduki za kisasa zilipokuja, safu ile ikawa kaburi. Hata hivyo maofisa hawakuiacha kwa urahisi, na moja ya sehemu walikolazimika kufunguliwa macho ni hapa, Kwale.

Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mtawala wa Gazi, aliingia vitani na Waingereza. Chimbuko lilikuwa ugomvi wa nani arithi Takaungu, mji wa Wamazrui kaskazini mwa Mombasa, ila chini yake kulikuwa na jambo zito zaidi, nani mwenye pwani hii. Mbaruk alikuwa na ngome ya maboma ya miti huko Mwele, vilimani Shimba. Tarehe 17 Agosti Admeri Rawson alifika huko na mabaharia na askari wa majini, pamoja na askari wa Kisudani na wa Zanzibar, wakiwa na mizinga midogo na Maxim, yaani bunduki za rashasha, na msururu mrefu wa wapagazi. Ngome ilitekwa. Waingereza walitoa hadi nishani iliyochorwa jina la Mwele.

Ila vita havikwisha. Mbaruk alitoka na watu wake, na kwa miezi minane zaidi walipigana kwa mtindo ambao Maxim haikuwa na jibu lake. Vikundi vidogo viliotea njiani, vikapiga, vikazama vichakani kabla safu haijageuka. Yeyote aliyewahi kupita mapori ya Kwale wakati wa masika anajua hali ilivyokuwa: njia ya kupita mtu mmoja, majani yanayofunga nyuma yako, hatua kumi mbele huoni kitu. Msafara wa watu mia tano katika njia kama hiyo una mtu mmoja tu anayeweza kupigana, yule wa mbele. Waliobaki ni shabaha. Ilibidi Waingereza walete kikosi kizima kutoka India, na mwishowe Mbaruk hakutekwa nao. Alivuka mpaka Aprili 1896 akajisalimisha kwa Wajerumani.

Hakuna aliyeandika mwongozo wa mbinu za Mbaruk. Vikundi vyake viliongozwa na jamaa zake na watu wake wa karibu, kila mmoja na watu aliowajua kwa majina, kila mmoja akiamua mwenyewe lini apige na lini aondoke. Hiyo ndiyo sekisheni. Ilikuwapo Kwale miaka ishirini na zaidi kabla ya Waingereza kuiandika kitabuni, na naamini ni haki kusema hivyo waziwazi.

Huko nyuma majeshi ya kigeni yalikuwa yakisomeshana. Makaburu wa Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, waliwafunza Waingereza kwa damu kuwa mtu aliyelala nyuma ya jiwe na bunduki nzuri anaweza kusimamisha kombania. Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck alipigana China mwaka 1900, kisha akapelekwa Namibia, kwenye vita vile ambavyo jeshi lake liliwaangamiza Waherero na Wanama. Huko aliwaona wapiganaji wa Kinama, watu wa Hendrik Witbooi na Jakob Morenga, wakiwahangaisha Wajerumani kwa makundi madogo yanayokwenda haraka. Mwaka 1914 alipewa jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichokiona Namibia akaja kukitumia Tanga.

Tanga nataka kukaa kidogo, kwa sababu safari ile ilianzia bandarini kwetu. Mwisho wa Oktoba 1914 meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken, zilikuwa karibu na Mombasa, na mpango wa mwisho ukajadiliwa hapa. Maofisa wa King's African Rifles, yaani KAR, waliwajua askari weusi wa Wajerumani na walionya wasidharauliwe. Hawakusikilizwa. Askari wale wa India walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, wengi wao hawajawahi kufanya mazoezi pamoja, na baadhi walipewa bunduki mpya muda mfupi kabla ya kuondoka.

Upande wa pili Lettow alikuwa na watu kama 1,000. Tofauti yao ilikuwa katika jinsi walivyogawanywa. Jeshi la Kijerumani hapa lilikuwa na kombania 14, na kila moja iliweza kuishi peke yake: askari 160 hivi, bunduki za rashasha mbili au zaidi, wapagazi wake, tabibu wake, chakula chake. Kombania ilikaa mbali na makao makuu kwa miezi, kwa hiyo kila mtu ndani yake alizoea kuamua. Masajini weusi walikuwa wametumikia miaka kumi, kumi na tano. Bunduki zao nyingi zilikuwa za mwaka 1871, za moshi mzito unaomtangaza mpigaji, na bado.

Tarehe 4 Novemba safu za Aitken ziliingia kwenye mashamba ya mpira na mkonge, jua kali, hakuna anayemwona jirani yake. Safu isiyoonana si safu tena. Makundi yakapoteza amri, na kila kundi lililopoteza amri halikuwa na mtu aliyefunzwa kuitoa mwenyewe. Palikuwa na waliopigana vizuri, Wakashmiri waliofika hadi mjini na Waingereza wa Lancashire, lakini ubavu wa kushoto ukavunjwa na kombania zilizokuja kwa pembeni zikipiga rashasha. Nyuki waliochokozwa kwenye mizinga yao wakamalizia. Siku ya pili walipanda meli wakarudi Mombasa, wakiacha ufukweni mamia ya bunduki za kisasa, rashasha na risasi laki kadhaa. Lettow alizipa kombania zake, na akapigana nazo hadi alipojisalimisha Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Simsifu Lettow. Vijiji alikopitia viliachwa na njaa, na wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, nimonia na uchovu. Kwenye mnara wa askari ulioko Nairobi wapagazi wameitwa miguu na mikono ya jeshi, na ni kweli tupu. Kila koplo aliyepewa ruhusa ya kwenda mbali alikwenda kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma yake mwenye mzigo kichwani. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa wengi wa watu hao hawakuandikwa majina popote, tofauti na wazungu waliokufa vita vilevile.

Wakati huohuo kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji mambo yalikuwa yakifika mwisho uleule kwa njia nyingine. Nitapita haraka, yameandikwa mno. Mfaransa André Laffargue alieleza mwaka 1915 jinsi vikundi vidogo vinavyoweza kupenya. Wajerumani chini ya Willy Rohr waliunda vikosi vya kuvamia vyenye mabomu ya mkono, rashasha nyepesi na virusha moto. Februari 1917 Waingereza walichapisha mwongozo wa platuni ulioigawanya mafungu manne: wa bunduki, wa mabomu ya mkono, wa kurusha mabomu kwa bunduki, na wa rashasha ya Lewis. Kwa mara ya kwanza platuni ilikuwa na silaha zake zote na iliweza kupigana vita vyake yenyewe. Mwanzoni mwa vita vile KAR ilikuwa na batalioni tatu, kila moja kombania kadhaa. Mwisho wake zilikaribia ishirini na mbili, na rashasha ya Lewis ikawa mikononi mwa askari weusi waliokuwa wakiwinda kombania za Lettow porini kwa mtindo wa Lettow mwenyewe.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, bandari yetu ya Kilindini ikawa mlango. Kutoka hapa KAR walikwenda Madagascar na Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha Burma (Myanmar ya leo). Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, mamia kati yao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Ninapopita Likoni kwa feri na kuziona meli zinavyotoka mkondoni, huwafikiria wale.

Waliofika walikutana na adui aliyekuwa bingwa wa mbinu ndogo. Jeshi la Japani lilifunzwa na Wajerumani tangu miaka ya 1880, kisha likaongeza yake: kupita usiku, kupenya katikati ya vikosi, kukata njia nyuma. Mwaka 1942 lilikuwa limewafukuza Waingereza Burma nzima kwa mtindo huo. Jibu lilikuwa kujifunza kukaa porini bila hofu, kupiga doria za watu wachache siku nyingi, na kuotea. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilitumwa kushuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za monsuni, mahali ambapo malaria na homa ya vichakani inayoletwa na utitiri ziliua kabla ya risasi. Mwezi Desemba walikuwa wamevuka mto Chindwin, Kalewa.

Mtaani kwetu Majengo alikuwako mzee wa Kikamba aliyepita bonde lile. Nilikuwa kijana, nikamwamkia, nikamuuliza alikuwa akiamrishwaje usiku na giza lile. Akaniomba nimpe kamba ya viatu vyangu. Akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wake, nyingine kwenye wangu, akanilaza kifudifudi kwenye jamvi la baraza.

"Kule, mwanangu, anayesema ni kamba," akaniambia. Akavuta mara moja. "Hapo nimekwambia niko macho." Akavuta mara mbili. "Hapo wamekuja."

"Na ruhusa ya kupiga, mzee?"

"Koplo. Afisa yuko mbali, amelala. Koplo ndiye anayeanza, na asipoanza yeye hakuna anayeanza. Hata wakipita juu ya mkono wako."

Jinsi alivyolala pale, mashavu chini, macho yametulia, nilielewa kitu ambacho sijawahi kukipata kwenye michoro ya mishale. Watu wanane wamefungwa kamba moja, na uhai wao wote umo katika subira ya mtu mmoja.

Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Sekisheni moja ya KAR iliweza kuwa na Mkamba, Mnandi na Mluo, na afisa mzungu alitakiwa kujifunza Kiswahili cha jeshini kabla ya kuaminiwa nao. Amri za kushoto, kulia, lala, piga, ngoja, zilipita kwa lugha hii kwenye misitu ya Burma. Wajerumani walifanya vivyo hivyo na askari wao. Majeshi mawili ya kigeni yaliyopigana hapa yalikuta chombo tayari, na bila chombo hicho koplo asingeweza kupewa uhuru aliopewa, kwa sababu uhuru huo unahitaji watu wanane waelewane kwa neno moja la kunong'ona.

Na bado Waingereza hawakumpa askari mweusi kamisheni, yaani cheo cha afisa kamili. Wakati wa vita vya pili wachache walipewa cheo cha kuongoza platuni bila kuwa maofisa kamili. Mtu aliaminiwa roho za watu thelathini porini, kisha hakuruhusiwa kuketi kwenye mesi ya maofisa. Hilo linanichoma kila nikilisoma.

Waliorudi walirudi na maarifa. Waruhiu Itote alikuwa KAR, alipigana Burma, na miaka ya 1950 akawa Jenerali China wa Mau Mau kule Mlima Kenya. Alichokifanya kilikuwa kile alichofunzwa: makundi madogo, walinzi wa nje, nidhamu ya moto na moshi, kuotea. Waingereza nao wakaleta waliyojifunza Malaya, ambako batalioni za KAR zilipelekwa pia. Mwaka 1954 wakatoa mwongozo wao wa kupambana na Mau Mau. Kisha wakaanza magenge bandia: wapiganaji waliotekwa wakageuzwa, wakavalishwa matambara yaleyale, wakarudishwa msituni na maofisa waliopakwa rangi nyeusi, kuwawinda wenzao. Afisa wao Frank Kitson aliyeshiriki kuyabuni alikuja kuyaandika, na fikra zake zikaenda hadi Ireland ya Kaskazini. Kimbinu yalifaulu. Lakini yalitumia ule uzi wa kuaminiana kati ya watu wanane, ambao ndio roho ya kikundi kidogo, na kuufanya mtego. Vijiji vya Kati vililipa gharama yake kwa kutoaminiana kwa miaka mingi baadaye, na siwezi kuiita mbinu hiyo werevu tu na kusonga mbele.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, KAR ikawa Kenya Rifles, na muundo wa Kiingereza ukabaki karibu ulivyo. Tangu hapo jeshi letu limekuwa Somalia kuanzia Oktoba 2011. Septemba 2012 likashuka Kismayo kutoka baharini. Kwenye msitu wa Boni, Lamu, vikundi vya al-Shabaab vinaotea barabara kwa mabomu ya kutegwa, na doria zetu zinatembea kwenye vichaka ambavyo Mbaruk angevitambua mara moja. Kilichoongezeka ni kinachoruka juu. Vita vya Ukraine vimeonyesha kuwa droni ndogo inaona na kuua sekisheni iliyokusanyika, kwa hiyo watu wanatawanyika wawili, watatu, mbali zaidi na afisa kuliko wakati wowote. Ruhusa ya kuamua inashuka tena, sasa inampita hata koplo na kumfikia askari wa kawaida.

Ndiyo sababu ningependa miongozo ya sekisheni na platuni ya Kenya iandikwe na ifundishwe kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, pamoja na Kiingereza kinachotumika sasa. Kijana aliyetoka Wajir, mwingine Kisii, mwingine Msambweni, wakiwa watatu chini ya mti na droni juu yao, watazungumza Kiswahili. Mafunzo yanayowafundisha kuamua yangefaa yawe yamewafikia kwa lugha hiyohiyo, na kuna mifano ya kutosha ya kuyajaza: Mwele, Tanga, Kabaw, Boni.